Mlango Usiohesabiwa

Kila mwaka, mwezi wa Rajabu ukiandama, Mzee Atumani huanza kuhesabu maiti wake. Usimdhanie mchawi. Katika ukoo wa Feruzi, pale Kasongo, daima yuko mtu mmoja anayebeba kichwani majina ya marehemu wote wa ukoo, kuanzia Feruzi wa kwanza aliyekuja na misafara ya zamani, akaoa hapa na kuzikwa hapa. Alhamisi ya mwisho ya Shaban, hitima ikishasomwa msikitini, mtu huyo hukaa katikati ya jamaa na kuyataja majina moja moja ili wenyewe waombewe. Asiyetajwa hukosa fungu lake la dua mwaka mzima. Ndivyo wanavyoamini, na mimi si wa kuwabishia. Atumani aliifanya kazi hiyo miaka thelathini na mitatu, na hakuwahi kumwacha mtu.

Zamani kulikuwa na kitabu. Kiliungua pamoja na paa la nyumba mwaka wa vita, lakini Atumani hakukililia sana, kwa sababu marehemu baba yake alikwisha kumfundisha njia isiyoungua. Kila mlango wa mtaa, baba alimwambia, upe mtu wake. Toka nyumbani uelekee msikitini: mlango wa kulia, mlango wa kushoto, wa kulia, wa kushoto, na kwenye kila mlango ameketi marehemu mmoja anakungoja umsalimu.

"Ila mulango wako mwenyewe usiuhesabu," baba alimalizia. "Ndani yake muko wazima."

Kwa hiyo watu wa mtaa ule wanaishi na wageni wasiowajua. Grégoire, fundi cherehani, hana habari kwamba kizingitini pake ameketi Biti Sharufu, aliyekufa kabla hata barabara haijachongwa. Pale wanapochaji simu yuko Salumu aliyeangukiwa na mti. Na mlango wa mwisho kabisa, ule unaopakana na ukuta wa msikiti, ni wa mdogo wake Atumani mwenyewe, aliyefariki miaka minne iliyopita. Hapo mtaa unakwisha, na majina nayo yanakwisha.

Ili asipotee njiani alikuwa na tasbihi. Kila jina punje moja, na baada ya punje ya mwisho alifunga uzi mwekundu. Vidole vikigusa uzi wakati uleule mawazo yanapofika msikitini, hesabu imetimia. Basi huibusu tasbihi, akaomba, akaenda kunywa chai.

Mwaka huu havikufika pamoja. Alifika msikitini, akamtaja mdogo wake, na baina ya vidole vyake na ule uzi ikabaki punje moja.

Alidhani ni usingizi. Akarudi mlango wa kwanza, akaenda polepole, huku akigusa kila kizingiti kwa mawazo. Majina arobaini, punje arobaini na moja. Kesho yake vilevile, na keshokutwa vilevile. Uzi aliufunga kwa mikono yake mwenyewe, naye hakuwa mtu wa kufunga uzi ovyo. Basi alikuwapo mtu wa arobaini na moja, mtu mwenye jina na kaburi, naye Atumani alikuwa amempoteza.

Kusahau jina la mtu unayemjua si kitu. Liko ulimini, litakujia ukiwa unaoga. Hili lilikuwa baya zaidi, maana hakujua hata aliyemsahau ni nani. Mwanamume au mwanamke? Mzee au mtoto mchanga? Hakuwa na sura ya kutafutia jina, wala jina la kutafutia sura. Alikuwa na punje tu, nayo ilimkaa kidoleni mchana kutwa.

Wala hakuwa na wa kumwambia. Mkewe Safia alifariki mwezi wa tano, na binti yao Rehema ameolewa Kindu. Hupiga simu Ijumaa, mtandao ukitaka. Atumani alimzika mkewe, akakaa matanga hadi mwisho, na alijua vizuri kwamba hayupo. Lakini mtu akipiga hodi kwenye mlango mmoja kwa miaka arobaini na sita, ulimi hauombi ruhusa tena. Kila alipotoka sokoni au msikitini alisimama kizingitini, akasema, "Mama Rehema, hodi," akangoja kidogo, kisha akaingia, akakaa karibu na mafiga na kueleza aliyoyaona huko. Majirani walimsikia, wakanyamaza. Hata habari ya punje alimweleza yeye.

"Mama Rehema, nimepoteza mutu," alisema, na maji ya chai yakachemka hadi yakakauka.

Angeweza kumwambia Kasimu. Kasimu ni mtoto wa yule mdogo wake, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa adabu. Kila mwaka, bila kuchoka, humwambia, "Baba mukubwa, tuandike haya majina. Nitayaweka na kwenye telefone, hata wajukuu watayapata." Na kila mwaka Atumani humjibu kwamba mtaa hauhitaji chaji. Sasa amwendee na kusema nini? Kwamba mtaa umemtoroka? Siku ya hitima ndiyo siku pekee ambayo watu walimhitaji. Siku nyinginezo walimwamkia kwa heshima, wakapita. Aliogopa, na niseme wazi alichokiogopa: kuketishwa pembeni Alhamisi ile, akisikiliza watu wake wakisomwa kutoka kwenye kioo cha simu, na yule mmoja hayumo, wala hatakuwamo tena hata siku moja.

Shaka yake iliangukia nyumba ya Djamali. Djamali, mfanyabiashara wa saruji, alinunua viwanja viwili vya katikati ya mtaa, akabomoa vibanda vya udongo vilivyokuwapo, akasimamisha nyumba moja ya matofali yenye geti la chuma. Kwenye geti hilo Atumani alimketisha Ramazani, aliyekuwa na mlango wake papo hapo tangu enzi za baba. Lakini je, palikuwa na mlango mmoja au miwili? Kibanda cha pembeni, mlango wake ulitazama mtaani au uani? Kama ulitazama mtaani, aliyeketi pale alibomolewa pamoja na ukuta.

Alisimama mbele ya geti asubuhi tatu mfululizo, ameshika tasbihi, anatazama matofali. Siku ya tatu Djamali alitoka.

"Papa Atumani, kuna shida ya kiwanja?"

"Hapana. Nataka kujua kitu moja tu. Mbele ujenge, hapa palikuwa milango ngapi?"

"Milango?"

"Ile nyumba ndogo ya pembeni. Mulango wake ulikuwa unatazama huku ao kule nyuma?"

Djamali alikuna shingo. Aliinunua ile nyumba, akalala humo wiki mbili, akaibomoa kwa mikono ya vibarua wake, na sasa hakuuona tena ule mlango popote kichwani. "Sikumbuki, papa. Nilibomoa tu," alisema. Kesho yake alikuwa amekaa getini na hati zake zote za kiwanja kwenye bahasha, na Atumani akaona haya kupita tena.

Alibaki mtu mmoja duniani wa kumuuliza. Dada yake Anastasie alizaliwa na mke mwingine wa baba yao, mwanamke Mkristo, Mubangubangu kwa kabila, kutoka kijiji cha Wamaza. Alilelewa Kasongo hadi miaka kumi na minne, kisha mama yake akamrudisha kwao, akabatizwa, akaolewa, akalima. Lakini miaka ile ya utoto alilala katika chumba kilichopakana na cha baba, na jioni za Rajabu na Shaban alimsikia baba akijikumbusha majina ng'ambo ya ukuta. Majina ya baba yalikuwa ishirini na saba. Kumi na matatu yaliyofuata ni ya waliokufa tangu Anastasie alipoondoka, watu aliowazika Atumani mwenyewe. Nyumba ya Djamali ilikuwa kwenye sehemu ya baba. Kama palikuwa na mtu pale, Anastasie alimsikia.

Jumatatu ya wiki ya hitima alipanda pikipiki ya Chadrack, baba wa watoto watatu aliyeijua njia ya Wamaza kwa kila shimo lake. Kasimu alikuja kumuaga.

"Hitima ni Alhamisi, Baba mukubwa."

"Naenda kusalimia dada. Nitarudi."

Ni safari ya kutwa nzima jua likiwaka. Mvua ikinyesha, usiulize. Walifika magharibi, wamegeuka rangi ya barabara. Anastasie alikuwa uani. Macho yake yalikwisha kuingia ukungu, lakini alimjua mgeni kabla hajafungua kinywa.

"Ni Atumani. Unakokota muguu kama baba," alisema.

Walikula, wakalala. Asubuhi alimkuta ukumbini anamenya karanga, akachukua kigoda, akamweleza yote. Ndiyo mara ya kwanza kuyaeleza kwa mtu anayeweza kujibu.

"Yaya," alisema, kama dada mkubwa anavyoitwa kwao, "unaweza kunitajia majina ya baba?"

Anastasie alicheka kwa meno mawili matatu aliyobakiwa nayo. "Mimi? Hata jina la padri wetu linanikimbia. Siwezi kukutajia hata moja. Lakini wewe taja. Ukikosea, nitasikia."

Basi Atumani akatoka nyumbani kwake kwa mawazo, akaanza na Feruzi. Mwanzoni dada alimenya karanga tu. Kufika jina la tano midomo yake ilianza kucheza, nyuma yake kidogo, kama anayefuata wimbo asiojua maneno yake. Majina yalimtoka Atumani kwa ile sauti ya baba ya kuvuta mwisho. Kisha, kwa uchovu wa safari, akapita mlango mmoja bila kujua. Vidole vya Anastasie vikasimama na karanga nzima ndani yake.

"Hapo umeruka mutu."

"Nani?"

"Sijui. Lakini hapo iko mutu."

Atumani akarudi nyuma milango miwili. Zaina. Alikuwa amemruka Zaina.

"Ni yeye," dada akasema, na karanga ikapasuka.

Atumani alimtazama mwanamke huyu ambaye hakuweza kutaja jina hata moja, na bado aliyashika yote. Alipofika geti la Djamali alimtaja Ramazani, akanyamaza makusudi, macho kwenye vidole vya dada. Vidole havikusimama. Akaendelea hadi ishirini na saba, na hakuna karanga iliyongoja.

"Ya baba iko yote," Anastasie alisema.

"Hakuna mutu kiisha ya Ramazani?"

"Hakuna. Kama kuna mutu amepotea, ndugu yangu, amepotea kwako."

Hakusema kwa ubaya, lakini lilimchoma. Aliyepotea si mzee wa karne iliyopita aliyebaki jina tu. Ni mtu aliyemwona kwa macho, akambeba, akamtupia udongo. Alimtajia dada na wale kumi na watatu wake, akitumaini vidole vitasimama tena. Mama yao mdogo. Mtoto wa kwanza wa Atumani, aliyeishi siku saba. Riziki, binti yake, aliyefia msituni mwaka wa kukimbia. Kwa Riziki, Anastasie aliweka karanga chini, akafuta macho kwa kanga. Lakini majina haya hakuyasikia kwa baba, na sikio lake halikuwa na la kusema.

Saa sita Chadrack aliwasha pikipiki. Anastasie alitoka jikoni na mzigo mdogo uliofungwa kwa majani makavu ya mgomba.

"Na hii ya Safia. Ni uyoga, nimeukausha mwenyewe. Ule mwaka mulikuya wote, alikula mpaka akasema atahamia huku." Alimwekea mikononi. "Mama Rehema, iko muzima?"

Hapo ndipo Atumani alipojua kwamba habari haikufika. Mwezi wa tano alimpa mchuuzi mmoja wa mafuta ya mawese salamu za msiba azipitishe Wamaza, na mchuuzi yule yaelekea alizisahau njiani pamoja na mambo yake mengine. Miezi yote hii dada yake alikaa hapa akimkaushia uyoga mtu aliye kaburini. Atumani alifungua kinywa ili amwambie.

"Iko," alisema. "Anakusalimia sana."

Lilitoka laini, bila kukwama, kama unavyomjibu mtu mnayepishana naye sokoni. Akaupokea mzigo kwa mikono miwili, akapanda pikipiki.

Walikwenda karibu saa nzima. Walifika kwenye kijito chenye daraja la magogo, mahali ambapo abiria hushuka na pikipiki husukumwa. Chadrack alimpa ule mzigo aushike usilowe.

"Shika, muzee. Mama kule nyumbani asikute uyoga umeoza. Atasema ni mimi."

Atumani alisimama ukingoni, mzigo mkono wa kushoto, tasbihi mkono wa kulia. Vidole, kwa mazoea, vilitafuta uzi. Vikalikuta fundo lake, nalo lilikuwa baya. Alikuwa amelishika wiki saba nzima bila kuligusa hasa. Atumani hufunga fundo dogo, safi, la mtu aliyejifunza kushona magunia ya mchele. Hili lilikuwa donge, limevutwa na kusokotwa, na uzi umechanika ncha, kama uliovutwa kwa meno.

Kwa meno. Akajiona. Ameketi mkekani nyuma ya nyumba, wanaume wamerudi makaburini wananawa, viatu vimejaa uani. Anataka kusogeza uzi punje moja, kama anavyofanya kila akitoka kuzika, siku ileile, na fundo la zamani halifunguki. Akalitia mdomoni. Lilikuwa na ladha ya kafuri, kwa sababu mikono yake yote ilikuwa kafuri, kwa sababu ni yeye aliyeinyunyiza kwenye sanda ya mkewe. Akalivuta kwa meno, akalifunga mbele kidogo, akaiweka tasbihi mfukoni. Kisha akainuka, akaenda kwenye mlango wa jikoni kumweleza Mama Rehema kwamba uzi umemsumbua.

Hakupoteza mtu. Mtu huyo alimsemesha kila siku, asubuhi na jioni. Kwenye mtaa mzima hakumpa mlango hata mmoja, maana mlango wake ni ule anaotokea Atumani mwenyewe, na ule hauhesabiwi, ndani yake mna wazima. Atumani aliketi kwenye gogo la daraja, akalia kwa sauti, mzee wa miaka sabini na moja, na uyoga mapajani.

Chadrack aliiacha pikipiki katikati ya magogo. "Muzee, kuna nini?"

"Turudi."

"Wapi?"

"Kwa dada yangu. Nimemudanganya."

"Muzee, angalia mawingu. Tukirudi leo, Alhamisi hatufiki. Na ile hitima yenu?"

Alijua. Angeweza kwenda zake Kasongo, akataja arobaini na moja mbele ya watu wote, akabaki mbeba majina; na Wamaza kuna mwanamke mmoja angeendelea kukausha uyoga. "Turudi," alisema tena.

Anastasie aliisikia pikipiki, akatoka mpaka njiani. Atumani hakungoja kukaribishwa. Alisimama mbele yake, mzigo bado mkononi.

"Yaya, Safia alikufa. Mwezi wa tano, siku ya Jumapili. Aliumwa kichwa siku tatu tu."

Hakuwahi kuyasema maneno hayo. Siku ya msiba wengine waliyasema kwa niaba yake, na baadaye hakuna aliyeuliza. Dada alimtazama kwa macho yake ya ukungu, akamshika kichwa kwa mikono miwili yenye maganda ya karanga, wakalia pamoja pale njiani hadi Chadrack akaenda kukaa mbali. Usiku ule Anastasie alimkeshea Safia kwa nyimbo za kanisani kwao, peke yake, kwa sauti ndogo, na Atumani akalala usingizi ambao hakuupata tangu mwezi wa tano.

Mvua iliwakamata Jumatano kabla ya nusu ya safari. Walilala kwa watu wasiowajua, wakaamka na matope hadi magotini, Chadrack akisukuma na mzee naye akisukuma. Alhamisi walipoliona paa la msikiti ilikuwa imekwisha pita alasiri, na hitima ilikuwa imesomwa. Atumani alitawadha haraka, akaingia na kanzu yenye madoa.

Kasimu alikuwa ameketi mahali pake katikati, daftari limefunguliwa pajani. Alijaribu kuandika anayoyakumbuka yeye. Yalikuwa majina kumi na moja, na mawili kati yake aliyafuta. Alipomwona mzee aliinuka mara moja.

"Baba mukubwa, nafasi yako."

Atumani aliketi. Wanawake wa ukoo walikuwa nyuma ya pazia, wanaume wamemzunguka. Akatoka nyumbani kwake kwa mawazo, akaanza na Feruzi. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Kwa kila jina walisema amina. Biti Sharufu kwa Grégoire. Zaina, hakumruka. Ramazani kwenye geti la chuma. Mama mdogo, mtoto wa siku saba, Riziki. Akafika mlango wa mwisho, akamtaja baba yake Kasimu, na Kasimu akajifuta uso. Mbele yake ukawa ukuta wa msikiti, na kidoleni punje moja.

Hapo akanyamaza. Watu walidhani amemaliza. Mmoja aliinua mikono kuomba, akaishusha. Kumbe mzee alikuwa njiani. Alikuwa anarudi, polepole, mtaa wote, akiwapita mmoja mmoja wale aliokwisha kuwasalimu, hadi mlango ambao baba alimkataza. Ilichukua muda. Kasimu aliinua kichwa, akamtazama, na usoni pake ilionekana kwamba analijua jina. Wote walilijua. Tangu mwanzo angelimuuliza yeyote pale, hata Djamali, angelimwambia. Hakuna aliyemtajia. Walimngoja.

"Safia binti Bakari," alisema.

Sauti yake haikuwa ya baba wala haikuvuta mwisho. Ilikuwa yake mwenyewe, ile ya nyumbani. Kidole kikagusa fundo.

"Amina," wakasema, na nyuma ya pazia wanawake wakalia.

Walipotawanyika Kasimu alimsindikiza hadi nje. Atumani alivaa ndala zake, kisha akasema, "Kesho uje na kalamu. Tutapita mutaa wote, mimi na wewe. Nitakuonesha nani anakaa wapi."

"Nitakuja asubuhi, Baba mukubwa. Leo ukale kwetu?"

"Leo hapana."

Alipandisha mtaa peke yake, mzigo wa uyoga kwapani. Mafundi walikuwa wanafunga, watu walimwamkia, akawaitikia. Alipofika kizingitini pake ulimi ulijiandaa kama kawaida, na alilisikia neno likija, akalizuia kwa meno. Alisimama. Akamsalimu Safia kama alivyowasalimu wale wengine arobaini, kwa salamu wanayopewa watu wa makaburini, wala hakungoja kujibiwa. Kisha akasukuma mlango, akaingia bila hodi, kwa sababu mzima wa nyumba ile alikuwa yeye peke yake.